Pembe, Mfupa au Plastiki? Kutambua Pembe za Ndovu Katika Vitu vya Kale vya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Lamu kuna kasha au kabati ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani yake mna vitu vya mabibi na mababu: kitana, bangili, kisu chenye mpini mweupe, sanduku dogo la Kihindi lililotiwa njumu, pengine shanga au kete za sataranji. Vitu hivi hutolewa wakati wa arusi, au baada ya mazishi mirathi inapogawanywa, na mara nyingi hapo ndipo swali huzuka: hii ni pembe ya ndovu kweli, au ni mfupa tu?

Zamani swali hilo lilikuwa la bei. Leo ni la sheria, na jibu lake linaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Chukulia kijana aliyepewa bangili ya nyanyake. Anaipiga picha na kuitangaza mtandaoni: "Pembe halisi, ya zamani sana, bei maelewano." Kwa maneno hayo machache amekiri mambo mawili ambayo sheria inayakataza, kwamba anayo pembe na kwamba anaiuza. Na ikiwa bangili yenyewe ni ya mfupa wa ngamia, basi amejitia mashakani kwa kitu ambacho angeweza kukiuza waziwazi sokoni bila kuulizwa na mtu.

Kwa hiyo ni vyema kila mwenye nyumba, fundi wa fanicha na mwenye duka la vitu vya kale ajue dalili chache za kutofautisha vitu hivi. Dalili hizi hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu. Zinamsaidia kujua ni wakati gani hana la kuhofia, na ni wakati gani anapaswa kuwaita wanaohusika.

Umri wa kitu haukihalalishi

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kwamba kitu kikishakuwa cha kale, sheria hukiacha. Fikra hii imetoka nje ya nchi. Marekani, ambayo mwaka 2016 ilibana karibu biashara yote ya pembe za ndovu, iliacha mlango mdogo kwa vitu vilivyothibitishwa kuwa na umri wa miaka 100 au zaidi. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika mwaka 2022, imevisamehe vitu vichache, kama vile ala za muziki za kabla ya mwaka 1975 zenye pembe kidogo, na baadhi ya kazi za sanaa za kabla ya mwaka 1918. Watu husoma habari hizo mtandaoni, au husimuliwa na wageni, wakadhani ni kanuni ya dunia nzima.

Kenya haina mlango huo. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mwaka uliofuata maduka yaliyokuwa yakiuza nyara na vinyago vya pembe yakafutiwa leseni. Kwa hiyo hata risiti ya duka la Nairobi au Mombasa ya mwaka 1970 haimpi mtu ruhusa ya kuuza leo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu kuwa nyara sehemu yoyote ya mnyama wa porini, iwe imechongwa au haijachongwa, mradi inatambulika kuwa imetoka kwa mnyama huyo. Bangili ni nyara. Kishikio cha kisu ni nyara. Mtu anayepatikana na nyara ya mnyama aliye hatarini kutoweka bila kibali anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Anayefanya biashara nayo adhabu yake ni nzito zaidi.

Ukali huu una sababu yake. Katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Mwaka huo huo, tarehe 18 Julai, Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na miezi michache baadaye nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikakubaliana kuwaweka ndovu wa Afrika katika orodha ya kwanza, yaani wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imefungwa. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini. Wameongezeka, lakini bado ni sehemu ndogo ya waliokuwepo.

Tena kuna ujanja unaotumia vitu vya kale kama pazia. Pembe mpya ya ndovu aliyeuawa juzi huchongwa, ikalowekwa kwenye chai au kuvukizwa moshi hadi ikawa na rangi ya manjano, kisha ikauzwa kwa hadithi ya "mali ya marehemu babu". Ndiyo maana maafisa hawaridhiki na hadithi.

Pembe ni jino

Kiswahili kimetupa neno moja, pembe, kwa vitu ambavyo kwa maumbile si kimoja. Pembe ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kifaru, ile iitwayo kipusa, zina utomvu mgumu wa aina moja na kucha na nywele. Kitu hicho kikiungua hunuka kama nywele zilizoungua. Pembe ya ndovu, kinyume chake, ni jino. Ni meno mawili ya juu ya mbele yaliyorefuka yakatoka nje ya kinywa, na sehemu yake, karibu theluthi moja, imezama ndani ya fuvu. Ndani ya sehemu hiyo mna uwazi wenye nyama na mishipa, kama ulivyo uwazi ndani ya jino la binadamu. Wanaosema "meno ya ndovu" kwa kweli wamesema sahihi zaidi.

Jambo hili si la lugha tu, kwani ndilo linalotoa dalili kubwa kuliko zote. Jino hukua kwa tabaka, na ndani ya jino la ndovu vijitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho vimejipanga kwa namna ya pekee. Pembe ikikatwa kwa upana, kama mtu anavyokata muhogo vipande vya mviringo, kwenye uso uliokatwa huonekana mistari myembamba inayopinda na kupishana, ikafanya vijisanduku vidogo vidogo kama vya mkeka uliosukwa au kama mapambo ya saa yaliyochorwa kwa mashine. Mtaalamu wa Ujerumani, Bernhard Schreger, aliieleza mwaka 1800, na mpaka leo inaitwa mistari ya Schreger. Hakuna mfupa wenye mistari hiyo. Hakuna plastiki wala kokwa lenye mistari hiyo. Kiboko hana, ngiri hana, nyangumi hana. Wenye nayo ni ndovu na jamaa zao waliokwisha kutoweka.

Hapo penye neno "jamaa zao" pana maelezo kidogo. Katika barafu ya Siberia huchimbuliwa pembe za mamothi, ndovu wa kale mwenye manyoya, na baadhi ya nchi huruhusu biashara yake. Wauzaji wa mtandaoni hulitumia jina la mamothi kufunika pembe ya ndovu wa leo. Tofauti iko katika pembe za hesabu, zile za kupimwa kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Karibu na ukingo wa nje wa kipande, mistari ya ndovu hupishana kwa upana, kwa wastani zaidi ya nyuzi 115. Ya mamothi hupishana kwa kubana, chini ya nyuzi 90. Kipimo cha katikati ya hapo hakiamui neno. Na lazima mistari ipimwe karibu na ukingo wa nje, kwa sababu kadiri mtu anavyoelekea katikati ya pembe, mistari ya ndovu nayo hubana, ikamdanganya apimaye.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba mistari huonekana vizuri kwenye uso uliokatwa kwa upana tu. Basi ni lazima kujua pa kutazama. Bangili ya pembe kwa kawaida ni pete iliyokatwa kutoka kwenye pembe nzima, kwa hiyo mistari hutafutwa kwenye kingo zake mbili bapa, si kwenye mgongo unaong'aa. Kinyago hutazamwa chini, mahali kinaposimamia. Mpini wa kisu hutazamwa kwenye ncha yake. Kete ya sataranji hutazamwa kitakoni, na ikiwa imebandikwa kitambaa, kisibanduliwe. Kipande kilichopasuliwa kwa urefu huonyesha tu nyuzi laini zinazokwenda sambamba, zikiyumba kidogo kama mawimbi ya maji yaliyotulia. Kwa kipande cha namna hiyo kukosekana kwa vijisanduku si ushahidi kwamba si pembe, na wengi hukosea hapa.

Vifaa vinavyotosha nyumbani ni kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 10, tochi ya kawaida na taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ambayo wenye maduka wengi wanayo. Kitu kifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Kisioshwe wala kupigwa msasa.

Vinavyofanana na pembe

Kinachofanana sana na pembe ni mfupa, na ndicho kinachopatikana kwa wingi. Vitu vingi vinavyoitwa "pembe" katika mapambo, masanduku na fanicha kutoka India ni mfupa wa ngamia au wa ng'ombe. Mfupa ulipokuwa hai ulipitiwa na mishipa ya damu, na njia za mishipa hiyo hubaki. Chini ya kioo cha kukuzia huonekana kama vitone vidogo vyeusi au vya kahawia kwenye uso uliokatwa kwa upana, na kama mikwaruzo mifupi myembamba kwenye uso uliokatwa kwa urefu. Uchafu wa miaka mingi na jasho la mikono huingia humo, kwa hiyo mfupa wa zamani huonyesha alama hizo vizuri kuliko mpya. Mfupa uliopaushwa kwa dawa na kung'arishwa unaweza kuzificha, na hapo inabidi mtu atulie, asogeze tochi kwa upande, atazame pembeni na mahali palipochongwa kwa kina.

Umbo nalo husema. Mfupa wa mguu una uwazi katikati, na kuta zake si nene. Kwa hiyo kitu kinene, kizito, kilicho kipande kimoja kisicho na kiungo, hakiwezi kuwa mfupa kirahisi. Kinyume chake, bangili iliyounganishwa kwa vipande vinne au vitano kwa pini za shaba mara nyingi ni ya mfupa, kwa sababu fundi hakupata mfupa mpana wa kutoa pete nzima.

Plastiki zina historia yake. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza meza za biliadi iliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, kwa kuwa mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu na pembe zilikuwa zikipanda bei. Katika kutafuta jibu, John Wesley Hyatt akatengeneza seluloidi, moja ya plastiki za kwanza. Tangu hapo vishikio vya visu, vitana, fremu za vioo na vifungo vya nguo vimetengenezwa kwa seluloidi kwa mamilioni, vingi vikiwa na mistari ya kuiga nyuzi za pembe. Visu vya mezani vyenye mpini mweupe wa manjano vilivyoachwa na Waingereza kwa kawaida ni vya namna hii.

Mistari ya plastiki hujisaliti kwa unadhifu wake. Imenyooka mno na imepangwa kwa nafasi sawa. Haipishani, na huzunguka kitu chote bila kubadilika mwelekeo. Pembe halisi huonyesha nyuzi upande mmoja na vijisanduku upande mwingine, kulingana na mkato. Rangi nayo husaidia. Pembe ya zamani huwa ya manjano au kahawia mahali fulani na nyeupe mahali pengine, kwa jinsi mwanga na mikono vilivyoifikia, ilhali plastiki ina rangi moja kila mahali. Plastiki ni nyepesi, haina ubaridi mkononi, na mara nyingi ina mshono mwembamba wa kalibu au kijitundu cha kiputo cha hewa.

Kwa plastiki, taa ya noti ndiyo rafiki. Katika chumba chenye giza, pembe na mfupa vikimulikwa hung'aa kwa weupe wa samawati. Plastiki nyingi hubaki zimefifia. Lakini taa hiyo haiwezi kutenganisha pembe na mfupa, kwa maana vyote viwili hung'aa. Kazi hiyo inarudi kwenye kioo cha kukuzia.

Zipo pia kokwa ngumu za minazi ya porini. Amerika ya Kusini kuna kokwa la tagua, na huku kwetu kuna tunda la mkoma, ambalo kokwa lake jeupe likikauka huchongeka kama pembe. Vifungo na vinyago vidogo vimetengenezwa kwa vitu hivi. Kwa kuwa kokwa ni dogo, chombo chenyewe hakiwezi kuwa kikubwa kuliko yai la kuku, na mara nyingi fundi huacha sehemu ya ganda la kahawia kama pambo.

Halafu kuna meno ya wanyama wengine wa porini. La kiboko ni jeupe sana, gumu, na likikatwa kwa upana huonyesha mistari ya mviringo iliyobanana, inayofuata umbo la jino, na katikati alama ya mahali pande za jino zilipokutana. La ngiri ni dogo, limepinda, na mkato wake unakaribia umbo la mraba. Mtu anaweza kufurahi kugundua kwamba mkufu wake ni wa jino la kiboko, si pembe ya ndovu. Asifurahi haraka. Kiboko na ngiri nao ni wanyamapori, na nyara yake inahitaji kibali. Vilivyo huru kabisa ni mfupa na pembe za mifugo, plastiki na kokwa.

Piano, siwa na viti vya enzi

Vitu vingine vya kale vinastahili kutajwa peke yake. Kwanza ni piano kuukuu, ambazo bado zipo katika baadhi ya makanisa, shule na nyumba za zamani za Pwani. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizoletwa na misafara ya Wakamba, Waswahili na Waarabu kutoka bara zilipita Unguja na Mombasa, na sehemu kubwa ikapelekwa jimbo la Connecticut, Marekani, ambako mji mmoja uliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu ya viwanda vyake vya vibao vya piano. Kibao cheupe cha pembe kilitengenezwa kwa vipande viwili vyembamba, kimoja kipana cha mbele na kingine chembamba cha nyuma. Kwa hiyo kuna mstari mwembamba wa kiungo pale ambapo vibao vyeusi vinaanzia. Kibao cha plastiki ni kipande kimoja. Mwanga ukimulikwa kutoka ubavuni, pembe huonyesha nyuzi laini kama za mbao. Kanisa linalotaka kuuza piano yake au kuisafirisha nje ya kaunti lichunguze hilo kwanza.

Pili ni viti vya enzi, vile vya mpingo vyenye mapambo meupe yaliyotiwa njumu. Njumu hizo huweza kuwa mfupa au pembe, na hata kiti kimoja kikawa na vyote viwili, hasa kama kimewahi kutengenezwa upya. Vipande ni vyembamba na vidogo, kwa hiyo mistari ya Schreger ni nadra kuonekana. Fundi aliyeletewa kiti kama hicho asing'oe kipande ili atazame upande wa nyuma. Akifanya hivyo anaharibu kiti, na bado huenda asipate jibu.

Na tatu ni kile ambacho kila mwenyeji wa visiwa hivi amekisikia: siwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, imechongwa na kutobolewa kwa ufundi mkubwa, na urefu wake unapita mita 2. Hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Ilikuwa alama ya utawala, na haikulia ila katika shughuli kubwa za watu wa nasaba. Leo imo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na hilo lenyewe ni jibu kwa wanaouliza kama sheria inachukia urithi wa Waswahili. Urithi wa namna hii unaweza kuhifadhiwa na kuonyeshwa, na watoto wakaelezwa habari zake. Kisichoruhusiwa ni kuupitisha sokoni.

Majaribio ya kuepukwa

Jaribio linalosifiwa sana mitaani ni la sindano ya moto. Sindano hupashwa moto hadi ikawa nyekundu, kisha huchomwa kwenye kitu. Kikiyeyuka ni plastiki, kisipoyeyuka ni pembe. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli, lakini nusu ya pili si kweli, kwa sababu mfupa nao hauyeyuki. Isitoshe sindano huacha tundu la kudumu, na seluloidi ni kitu kinachoshika moto kwa haraka sana. Mtu anaweza kuunguza vidole, au nyumba, kwa ajili ya kitana.

Kukwangua kwa kisu, kumwagia tindikali, kuloweka majini na kuuma kwa meno navyo viachwe. Pembe hunyonya maji na kupasuka. Yanayozidi uwezo wa macho ni kazi ya maabara. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina maabara ya uchunguzi wa kisayansi Nairobi tangu mwaka 2015, ambako vinasaba huonyesha ni mnyama gani aliyetoa kipande hata kikiwa kidogo. Sayansi inaweza pia kueleza umri. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza aina fulani ya kaboni hewani, nayo ikaingia katika majani, na kutoka majani ikaingia katika miili ya wanyama wote. Ndovu aliyeishi baada ya miaka hiyo ana alama hiyo katika pembe yake, na chai haiwezi kuifuta.

Dalili zikielekea kwenye pembe

Mkazi akishaona vile vijisanduku vya mistari, au akabaki na shaka, jambo la kwanza ni kukiacha kitu mahali kilipo. Kukizungusha kutoka duka hadi duka ili kipewe thamani ni hatari, kwa kuwa anayekutwa nacho njiani ndiye mwenye kosa, awe mwenye mali au kijana aliyetumwa. Kisipelekwe kwa jamaa wa kaunti nyingine, wala kisivushwe mpaka au kupandishwa ndege, hata kama kimevaliwa mkononi kama pambo. Picha yake isitumwe kwenye vikundi vya mtandaoni. Kikizikwa au kutupwa baharini, kosa huongezeka na ushahidi wa nia njema hupotea.

Kisha mwenye nyumba awasiliane na ofisi ya KWS iliyo karibu bila kukawia. Ni busara kwenda na shahidi, kama vile chifu, mzee wa mtaa au wakili, na kueleza kwa maandishi kitu ni nini, kilikuwa cha nani na kilipatikana lini. Picha za zamani, hati ya mirathi au barua inayokitaja kitu hicho zichukuliwe, kwani zinaonyesha jinsi kilivyofika mikononi mwa familia, ingawa hazigeuki kuwa kibali. Anayejitokeza mwenyewe hatazamwi kwa jicho lile lile la anayefumaniwa na begi. Mwaka 2016, kabla ya uteketezaji mkubwa, Serikali ilitoa siku 21 za msamaha ili wenye pembe na nyara nyingine wazisalimishe. Muda huo umekwisha, na asiwepo wa kuwaambia watu kwamba bado unaendelea. Kitu kikikabidhiwa, mwenye nyumba adai stakabadhi yenye tarehe, maelezo ya kitu na jina la afisa aliyekipokea.

Kwa wenye maduka ya vitu vya kale na mafundi wa fanicha, ushauri ni mwepesi zaidi kuutamka kuliko kuufuata wakati mteja anasubiri na pesa mkononi. Kila kipande cheupe kinachoingia dukani kichunguzwe kabla ya kununuliwa, si baada ya hapo. Bidhaa za mfupa ziandikwe "mfupa wa ngamia" au "mfupa wa ng'ombe", zisiitwe pembe ili zipate bei nzuri. Muuzaji anayemwambia mtalii kwamba mfupa ni pembe ya ndovu amemdanganya, na siku mtalii huyo atakapofunguliwa mzigo uwanja wa ndege, jina la duka ndilo litakalotajwa. Vitu vya kale vya aina yoyote vinavyopelekwa nje ya nchi vina utaratibu wake chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na wahifadhi wa makumbusho huweza kuulizwa kabla ya biashara kufungwa.

Na yule kijana mwenye bangili ya nyanyake aanze kwa kuifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, aipeleke dirishani, aigeuze na kutazama ukingo wake bapa kwa kioo cha kukuzia. Akiona vitone vyeusi vya mfupa, aivae. Akiona mistari inayopishana kama ukili, airudishe kasheni, afute lile tangazo, kisha apige simu KWS.